Kabla hujapeleka unga kwenye makao ya watoto, soma yaliyotokea Ayalandi

Unaijua hii safari. Kikundi cha vijana wa parokia kimechanga mwezi mzima, ama kuna mtu kwenye mbogi yenu anafikisha miaka 25 na ameamua mwaka huu hakuna sherehe ya kelele. Jumamosi asubuhi mnakodi matatu. Nyuma mmepakia unga, mchele, sukari, mafuta ya kupika, sabuni na nepi. Sista anawapokea langoni. Watoto wamepangwa kwa urefu, wanawaimbia wimbo ambao ukiusikiliza vizuri unajua wameuimba mara nyingi. Mnacheza mpira nao, mnapiga picha, mnasali. Saa kumi mko barabarani mkirudi, roho zimetulia.

Sisemi ni vibaya. Mtoto aliyekula amekula. Lakini kuna maswali ambayo siku hiyo ni nadra mtu kuyauliza. Hawa watoto ni wa nani? Nani aliamua waletwe hapa? Na ukitoa sista mwenyewe, nani huja kuangalia wanavyoishi wageni wakishaenda?

Kuna nchi ambayo haikuuliza kwa karibu miaka mia moja. Ni Ayalandi, na sisi Wakenya hatuwezi kuisoma kama hadithi ya watu wa mbali. Masista wa Loreto waliofika hapa 1921 walitoka huko. Masista wa Huruma waliofungua Hospitali ya Mater jijini Nairobi mwaka 1962 walitoka huko. Wengi wetu tuna mama ama shosho aliyefunzwa kusoma na masista, na hatuna deni dogo kwao. Basi tukijua mazuri yao, tujue na haya mengine, kwa sababu makosa yaliyofanyika Ayalandi hayakuhitaji watu wabaya sana. Yalihitaji lango lililofungwa na nchi nzima iliyoamini kwamba ndani kuko sawa.

Pesa kwa kila kichwa

Mwaka 1868, Ayalandi ikiwa bado chini ya Uingereza, ilipitishwa sheria ya kuanzisha shule za ufundi za kulea watoto wa maskini. Kwenye karatasi wazo lilikuwa poa: mtoto asiye na wa kumwangalia apate kitanda, chakula, masomo na kazi ya mkono. Serikali haikutaka gharama ya kujenga na kuajiri. Kanisa Katoliki lilikuwa na majengo, na lilikuwa na masista na mabruda wasiodai mshahara. Kazi ikaenda kwa mashirika ya kitawa. Christian Brothers walichukua shule nyingi za wavulana, Masista wa Huruma wakachukua nyingi za wasichana. Serikali ikawa inalipa kiasi fulani kwa kila mtoto.

Hebu shika hapo, kwa sababu mengi yanaanzia kwenye hiyo hesabu. Kama unalipwa kwa kila kichwa, mtoto akirudi kwao pesa yake inaondoka naye. Bili ya makaa na mishahara ya walimu haipungui. Hata mtu mwenye roho nzuri, akikaa na hesabu hiyo miaka kumi, ataanza kuona kitanda kitupu kama hasara.

Shule ya Artane, Dublin, iliendeshwa na Christian Brothers kutoka 1870 hadi 1969, na ilikuwa na nafasi ya wavulana zaidi ya 800. Fikiria shule ya bweni ya watoto 800, ila hapa hujaletwa na mzazi na sanduku la bati. Umeletwa kwa amri ya korti, na unaweza kukaa hadi ufike miaka 16.

Na wengi hawakuwa mayatima. Hapa ndipo watu hushangaa. Mahakama iliwapeleka kwa sababu mama amekufa na baba hawezi kulea peke yake, ama mama hajaolewa, ama mtoto amekuwa akikosa shule, ama nyumbani hakuna kitu. Umaskini wa mzazi ulihesabiwa kama kosa la mzazi. Kulikuwa na wakaguzi wa shirika la kuzuia ukatili dhidi ya watoto, na kwenye mitaa ya maskini waliogopwa kuliko mwenye nyumba. Akibisha mlango, mama alijua anaweza kulala bila watoto wake.

Ndani ilikuwaje? Chukua Goldenbridge, shule ya wasichana ya Masista wa Huruma huko Dublin. Masomo yakiisha, watoto waliketi kutunga rozari za kuuzwa. Kila msichana alikuwa na kiwango chake: mafungu 60 kwa siku. Wewe unayesali rozari unajua fungu moja lina shanga kumi. Piga hesabu: shanga 600, sawa na rozari 12 nzima, kila siku, kwa vidole vya mtoto vinavyokunja waya. Asiyefikisha alipigwa. Rozari hizo zikauzwa, waumini wakasali nazo.

Padri aliyesema akanyamazishwa

Usidhani hakuna aliyejua. Mwaka 1946 alifika Ayalandi padri anayeitwa Edward Flanagan. Alikuwa mzaliwa wa huko huko aliyehamia Marekani, na mwaka 1917 alianzisha makao ya wavulana ya Boys Town katika jimbo la Nebraska. Hollywood ilishamtengenezea filamu mwaka 1938. Yaani huyu alikuwa padri Mkatoliki, mlezi wa watoto, na staa. Alizunguka, akaona, akasema wazi kwamba jinsi watoto wanavyoadhibiwa kwenye taasisi zile ni aibu kwa taifa.

Unadhani alipigiwa makofi? Wanasiasa walimkemea bungeni. Waziri wa sheria alisema hafai kusikilizwa. Flanagan akarudi Marekani, akafariki 1948, na shule zikaendelea.

Serikali nayo ilikuwa na ukaguzi. Mkaguzi alikuja, ila wakuu wa shule walikuwa wanajulishwa mapema. Sasa hapo wewe umesoma bodingi, huhitaji kuelezewa. Unajua siku ya mgeni rasmi shuka safi hutoka wapi, na unajua nyama huonekana siku gani. Mkaguzi aliona watoto waliooshwa, akaandika ripoti, akaenda.

Mwaka 1970 jopo lililoongozwa na Jaji Eileen Kennedy lilipendekeza mfumo wote ubomolewe na watoto walelewe kwenye nyumba ndogo zinazofanana na familia. Milango mingi ikaanza kufungwa. Lakini wengi waliotoka humo, sasa watu wazima, walibaki na siri zao hadi 1999. Mwaka huo mwanahabari Mary Raftery alitoa kipindi cha sehemu tatu kwenye runinga ya taifa, RTÉ. Nchi ilikaa sebuleni ikawasikia wazee wakilia. Mei 11, Waziri Mkuu Bertie Ahern aliomba msamaha kwa niaba ya serikali.

Tume ikaundwa. Ilichukua miaka, ikasikiza zaidi ya watu elfu moja. Christian Brothers walienda kortini, na mwishowe ripoti ikatoka bila majina halisi ya waliotuhumiwa. Ilipochapishwa Mei 2009 ilikuwa na majuzuu matano. Ilisema kipigo na kutelekezwa havikuwa visa vya hapa na pale, vilikuwa ndiyo maisha ya kila siku. Ilisema dhuluma za kingono zilikuwa zimeenea kwenye taasisi za wavulana, na kwamba wizara ya elimu iliyaogopa na kuyaheshimu mashirika ya kitawa kiasi cha kushindwa kuyasimamia.

Na ripoti hiyo hiyo inasema kitu ambacho kilinigusa kuliko takwimu zote. Walionusurika walikumbuka kwa miaka mingi sista ama bruda mmoja aliyewaongelesha vizuri. Neno moja tu la upole, na mtu wa miaka 60 bado analitaja. Kwa hivyo watu wazuri walikuwemo. Wema wao ndani ya nyumba isiyokaguliwa haukutosha kuwalinda watoto na wale wengine.

Bili? Mwaka 2002 mashirika 18 ya kitawa yalikubaliana na serikali kuchangia Yuro milioni 128 za fidia, nayo serikali ibebe kilichobaki. Gharama yote ilifika kama Yuro bilioni moja na nusu. Mlipa ushuru ndiye aliyebaki na mzigo, akiwemo hata yule ambaye mamake alinyang'anywa.

Vyeti 796

Kuna mji mdogo unaitwa Tuam, katika kaunti ya Galway. Kati ya 1925 na 1961 kulikuwa na makao ya akina mama na watoto pale. Jengo lilikuwa mali ya serikali ya kaunti, na masista wa Bon Secours ndio waliokuwa wakiliendesha. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa huko kujifungua mbali na macho ya watu. Kwa kawaida alikaa kama mwaka mmoja akifanya kazi bila malipo, kisha akaondoka. Mtoto akabaki, akisubiri kupewa familia ya kumlea ama kupelekwa shule ya ufundi.

Catherine Corless alikulia eneo hilo. Alikumbuka watoto wa makao wakiletwa shuleni wakiwa wamechelewa kidogo na kuondolewa mapema kidogo, wasije wakachanganyika na wengine barabarani. Alipokuwa mtu mzima akaanza kuandika historia ya makao hayo. Hakuwa profesa, alikuwa mwanakijiji mwenye kupenda historia. Alisikia kuna watoto walikufa, akaenda ofisi ya usajili kuomba vyeti vya vifo. Alidhani vitakuwa vichache. Aliletewa orodha ya watoto 796, na akavilipia vyeti kutoka mfukoni mwake.

Swali lake lilikuwa rahisi: wamezikwa wapi? Kwenye makaburi ya mji hawakuwepo. Aliandika alichopata mwaka 2012 katika jarida dogo la historia la mji. Mwaka 2014 dunia nzima ikasikia. Machi 2017 tume ya uchunguzi ikathibitisha kuwa chini ya ardhi ya eneo hilo kuna muundo uliogawanywa vyumba 20, unaoonekana ulihusiana na majitaka, na kwamba angalau 17 kati ya vyumba hivyo vilikuwa na mabaki ya binadamu. Walikuwa watoto wachanga na wengine wa hadi miaka miwili, mitatu.

Januari 2021 ripoti ya mwisho ikaja. Katika taasisi 18 zilizochunguzwa, watoto wapatao 9,000 walikufa, karibu 15 kwa kila 100 waliopitia humo. Waziri Mkuu Micheál Martin aliomba msamaha, masista wa Bon Secours nao wakaomba msamaha. Julai 2025 wataalamu walianza kuchimba rasmi pale Tuam ili kila mtoto atolewe, na ikiwezekana atambuliwe kwa DNA na azikwe kama mtu.

Sasa sikiza jambo ambalo halitajwi sana. Mwaka 1973 Ayalandi ilianza kumlipa posho mama asiye na mume. Pesa ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikienda kwa taasisi ili zimlee mtoto, sasa nyingine zikaanza kwenda kwa mama mwenyewe. Akina mama wengi zaidi wakabaki na watoto wao. Kumbe walikuwa wanaweza. Walichokosa ni kodi ya nyumba na jamii ya kuwaacha wapumue.

Na hapa kwetu?

Tusikimbilie kusema makao yote ni mabaya. Makao ya Nyumbani yaliyoko Karen yalianzishwa 1992 na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuti aliyekuwa pia daktari, akisaidiana na Sista Mary Owens, Mloreto kutoka hiyo hiyo Ayalandi. Wakati huo mtoto aliyezaliwa na virusi vya HIV angeweza kuachwa hospitalini, na jamaa zake wasirudi. Dawa hazikuwepo ama zilikuwa za bei ya kutisha. Mwaka 2004 makao hayo yalienda kortini kwa sababu shule za umma zilikuwa zinawakataa watoto wake, na shule zikalazimika kufungua milango. Watoto hao walikuwa hawana pengine pa kwenda, na kuna watu wazima leo ambao wako hai kwa sababu ya lango lile.

Watu hao hao walienda wakaanzisha kijiji huko Kitui, ambako watoto mayatima wanaishi na wazee waliofiwa na watoto wao. Shosho mmoja, nyumba moja, wajukuu wake na wengine wasio wa damu yake. Kwa nini waende mbali hivyo wakati wangeongeza tu bweni? Kwa sababu waliona mtoto anahitaji mtu anayejua kwamba hapendi maharagwe na kwamba huogopa radi.

Serikali ya Kenya imefika hapo pia. Novemba 2017 ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022, na tuna mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unaolenga kuwahamisha watoto kutoka taasisi kwenda kwa familia: zao wenyewe, za jamaa, za malezi ya kambo, ama kafala kwa ndugu zetu Waislamu. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi. Na msaada wa pesa taslimu kwa jamaa wanaolea mayatima ulianza kwa majaribio 2004. Leo chini ya Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, sote tunajua bei ya unga. Lakini njia ni ile ile ambayo Ayalandi iliigundua ikiwa imechelewa.

Na masista wenyewe? Muungano wa mashirika ya masista nchini, AOSK, una mpango unaoitwa Catholic Care for Children in Kenya, na wenzao wa Uganda wana wa kwao. Kazi ni kuwafunza masista ustawi wa jamii, kutafuta jamaa za watoto, kuwarudisha polepole na kuwatembelea wakisharudi. Fikiria inahitaji moyo gani kwa sista aliyejenga bweni kwa miaka 20 kukubali kwamba kazi yake bora sasa ni kulifanya lisihitajike. Sijui kama wewe na mimi tungeweza.

Wanaowakwamisha mara nyingine ni sisi wafadhili. Mfadhili anapenda jengo lenye jina lake. Mgeni anataka kuwaona watoto wengi wakiimba. Msee hawezi kupiga picha na mtoto aliyerudi kwa shangazi yake Kakamega, anakula githeri na binamu zake, maisha yanaendelea. Tukiendelea kuchangia vitanda tu, tunawalipa watu kwa kila kichwa, kama ilivyofanya Ayalandi.

Uliza haya

Ukienda tena, nenda. Ila kabla hamjachanga, piga simu uulize. Makao yamesajiliwa na cheti bado kiko hai? Kila mtoto aliletwa kupitia afisa wa watoto na amri ya korti, ama kuna walioachwa tu na jamaa? Wangapi wana mzazi aliye hai? Mwaka uliopita wangapi walirudi nyumbani, na nani aliwafuatilia? Mtoto akiumizwa na mtu wa humu ndani, atamwambia nani asiye wa humu ndani?

Sista anayefanya kazi vizuri hatakasirika. Ninaamini atafurahi kuna mtu hatimaye ameuliza kitu kingine zaidi ya saizi za viatu. Akikasirika, nawe umejua kitu. Usiweke nyuso za watoto mtandaoni, hata kama unaona ni kwa nia njema. Na ukiona ama ukiambiwa jambo linalokutisha, namba ni 116, haina malipo, inapokea simu mchana na usiku. Kumripoti mtu aliyevaa msalaba si dhambi. Flanagan alikuwa padri na aliripoti.

Halafu kuna kazi nyingine ambayo haihitaji matatu. Parokia zetu zimegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo, na jumuiya inajua mambo ya mtaa kuliko chifu. Inajua nyumba ambayo mama ameanza kuuza vyombo. Inajua shosho aliyeachiwa wajukuu wanne na hana nguvu za kuchota maji. Inajua kidato cha tatu aliyepata mimba na babake ameapa hatamwona tena. Hapo ndipo safari ya mtoto kwenda kwenye makao huanzia, miezi kabla ya sista kumfungulia lango. Gharama ya ile Jumamosi yenu moja inaweza kulipa kodi ya mtu kama huyo kwa miezi kadhaa. Wiki hii jumuiya ikikutana, ulizeni ni nyumba gani.